Gari Lisilonguruma

Jirani yangu hapa Isevya ni fundi cherehani, na kila kitu anakijua kwa vidole. Tulipofika kwa Adinani, muuza magari yaliyotumika, alivifinya viti kama anayechagua kitambaa, akapitisha kiganja kwenye milango huku akicheka peke yake. Alitaka gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme, la kupelekea sare za shule Sikonge, na alishalipenda jeupe. Adinani akaliwasha.

"Mbona kimya?"

"Limeshawaka, mama. Hapo linatumia betri."

Akapiga kigelegele. Kisha akamshika Adinani mkono, sauti ikashuka, ile anayoitumia akimpima mteja kiuno. "Mwanangu, siku nikitaka kuliuza hili, wewe utalinunua?"

Adinani akatazama chini. "Hili hapana, mama. Betri yake imechoka, na mnunuzi yeyote anayejua ataulizia betri kwanza. Lile la kijivu betri yake ilibadilishwa mwaka jana. Lile ningelinunua hata kesho."

Hakubishana. Aliligusa jeupe mara ya mwisho, akataka betri ya la kijivu ipimwe mbele yake. Ilipoonekana nzima, wakaelewana bei, akapewa ufunguo.

Tulirudi tukiteleza. Mtaani hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyesikia kitu. Jirani yangu akashindwa kuvumilia. Alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akaanza kuunguruma kwa mdomo mpaka mtaa mzima ukatoka kutazama.