Wapwa Wangu Waliponifanyia Akika

Habari hii nimeificha vya kutosha, na nisingeitoa kama si dada yangu Mwanaidi kuanza kuisimulia mwenyewe kwenye kila shughuli anayokwenda, tena anaitia chumvi, anasema nililia. Sikulia. Machozi yalinilengalenga, hilo sikatai, lakini mtu mzima mwenye ndevu akiwa mbele ya wakwe zake watarajiwa na kibanio cha nywele cha pinki kichwani, hata machozi yakimlengalenga ana haki yake, na mkishasikia mtasema wenyewe kama nyinyi mngestahimili.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kwamsisi, na wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada, chumba cha uani, na wanawe wawili, Rajabu na mdogo wake Shabani, walikuwa wanashinda miguuni kwangu. Rajabu alikuwa darasa la pili, Shabani hata shule alikuwa hajaanza, madrasa tu. Watoto hawa wananipenda, nataka mlijue hilo mapema maana mbele ya safari mtadhani ni maadui zangu. Nikikohoa wanakimbia kumwambia mama yao, na wakifundishwa dua mpya mimi ndiye wa kwanza kuombewa, nitake nisitake.

Sasa wiki hiyo jirani yetu alipata mtoto, siku ya saba ikafanyika akika, kichanga kikanyolewa, mbuzi wakachinjwa, tukala tukashiba, na ustadhi wa madrasa akaona hapo hapo awafundishe watoto: mtoto ananyolewa zile nywele alizozaliwa nazo, zinapimwa, inatolewa sadaka ya fedha kwa uzito wake, na mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, wa kike mmoja. Wakarudi nyumbani wamejaa elimu. Jioni hiyo nimefungua injini ya pikipiki ya watu, mikono yote oili, Rajabu akachuchumaa pembeni yangu akauliza, "Mjomba, kwa nini wewe huoi?"

Ningeweza kumjibu vizuri tu, kwamba naoa karibuni inshallah, na ingekuwa kweli. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, "Mimi sikufanyiwa akika, mwanangu. Hizi nywele unazoziona ni zile zile nilizozaliwa nazo, ndiyo maana mambo yangu yamekwama." Nikacheka peke yangu. Wao hawakucheka, na Shabani akazitazama nywele zangu kwa huruma akaniuliza kama zinauma.

Mambo yenyewe hayakuwa yamekwama, yalikuwa yananing'inia. Nilikuwa nimepeleka posa Hale, Korogwe, kwa binti anaitwa Zuhura (alikuja huku kwenye harusi ya shangazi yake, pikipiki iliyompakia ikapata pancha mbele ya kibanda changu, na ile pancha niliiziba taratibu kuliko pancha yoyote niliyowahi kuziba). Mshenga wangu, Mzee Salehe, alirudi na jibu moja tu: baba yake, Mzee Mhina, hakukataa wala hakukubali, anasema posa ataijibu akishamwona kijana mwenyewe, aje Jumapili waswali wote Alasiri, kwa sababu yeye mtu humjua akishaswali naye.

Na huyo Mzee Mhina sifa zake zilishafika mpaka kwetu. Ni mstaafu wa mitambo ya umeme pale Hale, sasa ndiye muadhini wa msikiti wao, na kijana akiingia msikitini amenyoa kiduku, yule mzee anamshika mkono mbele ya watu, anamtoa safu ya kwanza na kumpeleka ya mwisho, anamwambia dini imekataza kunyoa upande na kuacha upande, nyoa chote au acha chote. Zuhura mwenyewe alinipigia simu kunikumbusha. "Nywele zako usizichezee," akasema, "baba ndicho kitu cha kwanza anachotazama." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nywele zangu ni za kiungwana, nyingi, zimechongwa vizuri pande zote sawasawa.

Na mimi nywele zangu nilikuwa sinyoi kabisa kwa sababu moja ambayo nitawaambia nyinyi tu. Nina kisogo. Watu wote wana kisogo, najua, lakini mimi nina kisogo, kimetoka nyuma huko kama kinataka kushuka kituo kinachofuata, na shuleni nilitaniwa mpaka nikaapa kwamba sitaonekana tena bila nywele.

Jumapili ilipofika niliswali Alfajiri nikarudi kulala (ndiyo, nililala, usiku kucha nilikuwa na injini ya watu) na usingizi ulikuwa mzito hasa. Nikaota niko shambani nyuki wananizunguka kichwa, nakimbia nao wananifuata. Nilipofumbua macho, nyuki walikuwa wamenyamaza, na Rajabu amesimama juu yangu na mashine ya baba yake ya kunyolea, ile ya kuchaji, anaigongagonga kiganjani, na Shabani yuko kando ameshika kikopo kilichoisha mafuta ya kujipaka kwa mikono miwili.

"Imeisha chaji," Rajabu akasema kwa masikitiko. "Lakini bismillahi tulisema."

Nikapeleka mkono kichwani. Jamani. Njia nzima, kuanzia paji la uso, imepanda utosini, imeshuka mpaka huko kwenye kisogo, nyeupe, pana kama upana wa ile mashine, na kushoto na kulia nywele zimesimama vile vile. Yaani kiduku watu wanaacha katikati wananyoa pembeni, mimi nimenyolewa katikati nimeachwa pembeni. Nilipiga kelele dada akaja mbio na mwiko mkononi. Aliponiona akakaa chini kizingitini, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanacheza.

Alipopata sauti aliniambia neno ambalo ningelisikiliza nisingekuwa na mkasa. Umeme haukuwepo, mvua ya usiku ilikuwa imeangusha nguzo (umeme unatengenezwa huko huko kwa mkwe, lakini siku hiyo haukunifikia), kwa hiyo mashine ilikuwa haina msaada, ila dada akasema, "Wembe upo, maji yapo. Nyoa chote, dakika chache tu, uende zako." Nikafikiria kisogo changu. Nikafikiria Zuhura anakiona kwa mara ya kwanza siku ninayojibiwa posa. Nikasema hapana, nitavaa kofia, na wala sitaivua. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kofia yenyewe ni ya viua, aliishona Zuhura kwa mkono wake, kwa kipimo cha kichwa chenye nywele zote. Sasa ikawa nikiinama inateleza. Dada akatoa kibanio chake cha nywele, cha pinki, kina ua, akaifunga kwa ndani kwenye nywele za upande mmoja, nikatikisa kichwa, ikatulia. Kisha akasema niwachukue watoto, mtu akienda ugenini na watoto anaonekana ana watu. Niliwakanya wapwa zangu wasitaje nywele, wakakubali kwa viapo. Nikaazima gari dogo la mteja wangu, Mzee Salehe mbele, wale wawili nyuma na vikanzu vyao, na njia nzima, Mkata, Segera, mpaka tunaingia Hale, mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine kwenye kofia.

Tukamkuta Mzee Mhina barazani, mikeka imeshatandikwa, pamoja na kaka yake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku ananitazama kofia. "Msikitini nimewaacha waswali," akasema, "nimewasubiri nyinyi." Nyuma ya pazia la mlangoni nikasikia kanga zinapita, nikajua mama mkwe na Zuhura wamo, nao wanapanga safu yao. Mimi nikawa najisogeza taratibu kwenda kusimama pembeni kabisa, ukutani.

"Tangulia, kijana," mzee akasema. "Utuswalishe."

Nikasema mzee, mwenye nyumba ndiye mwenye haki. Akasema mwenye nyumba amekupa. Nikamtazama Mzee Salehe aniokoe, naye anatabasamu kwa fahari, masikini, hajui kitu. Nikatangulia.

Rakaa ya kwanza, kurukuu, kofia ikashika, nikamshukuru Mungu na yule aliyebuni vibanio. Nikaenda kusujudu. Paji la uso limegusa mkeka nikasikia "tak", kidogo tu, karibu na sikio, na kofia ya Zuhura ikanitoka kichwani, ikabingirika mbele yangu ikatulia mahali ambapo mkono wangu haufiki, na kibanio kikabaki kinaning'inia juu ya sikio na ua lake. Na Alasiri, kama mnavyojua, haisomwi kwa sauti. Kimya cha baraza ile kilikuwa kinasikika. Nikafikiria nisiinuke, nibaki kwenye sijida mpaka Magharibi, lakini nyuma yangu kuna watu wanasubiri takbiri, nikainuka. Najua fika kwamba yule mzee, hatua moja nyuma yangu, sasa anaitazama ile njia yote mpaka kisogoni.

Kidogo nikasikia vinyayo. Shabani ametoka kwenye safu. Akapita mbele yangu, akaiokota kofia, akaipangusa kwenye kikanzu chake, akasimama anisubiri nitulie, kisha akanivalisha, nyuma mbele, akaninong'oneza kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka barabarani, "Mjomba, usiogope, haijaonekana sana." Nyuma yangu mtu akapasua kicheko kifupi, akakikata. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Nikaimaliza swala ile, rakaa zote, sijui niliimalizaje, na nilipotoa salamu kulia na kushoto nilitamani ziwepo pande nyingine za kutolea salamu nisigeuke.

Nikageuka. Mzee Mhina uso mkavu.

"Swala yangu imebatilika," akasema.

Mzee Salehe akafumba macho. Mimi nikaona Zuhura ananiponyoka hivi hivi, namwona kabisa, na yote kwa ajili ya kisogo. Mzee akanionyesha kidole kichwani. "Hicho ni nini, kijana?"

Kabla sijafungua mdomo Shabani ameshaingiza mkono mfukoni, ametoa kile kikopo cha mafuta, amekifungua, nywele zangu zimo zote. "Ni akika yake, babu," akasema. "Hakufanyiwa. Ndiyo maana haoi. Tulianza tukaishiwa chaji. Tunatafuta mizani." Na Rajabu, kwa kuwa kiapo kilishavunjwa na mwenzake, akaongeza kwamba bado na mbuzi, na mwanaume ni wawili.

Mzee akakipokea kikopo, akakitazama, akanitazama. "Ni kweli hukufanyiwa akika?"

Hapo uongo ungenisaidia, nakwambieni, ulikuwa tayari umepikwa. Lakini mtu ameshika nywele zako mkononi unamdanganyaje? Nikasema, "Nilifanyiwa, mzee. Dada yangu alikula maini. Niliwatania watoto, wakaniamini." Na hapo ndipo machozi yaliponilengalenga, si zaidi ya hapo, dada asiwadanganye.

Kaka yake akaanza kucheka. Kisha Mzee Mhina mwenyewe, kuanzia tumboni, mpaka akavua miwani. "Imebatilika kwa sababu nilicheka," akasema akijifuta macho. "Huyu mtoto alipokuvalisha kofia nilicheka kwa sauti. Miaka yote nawatoa watu safu ya kwanza, leo mwenye kutolewa ni mimi." Akaita ndani waletewe maji na wembe. "Upande na upande hakuna kwangu. Chote."

Akaninyoa mwenyewe, pale barazani, nimekaa kwenye kigoda, wapwa zangu wanakinga nywele zilizobaki kwa kikopo. Beseni la maji alileta Zuhura. Akanizunguka akasimama nyuma, nikasikia hatua zimesimama, nikajua anakitazama.

"Kumbe ndicho ulichokuwa unakificha?" akasema chini chini. "Mbona kizuri, kinafaa kushikia kofia."

Tukairudia swala, safari hii akaswalisha yeye, nami upara unang'aa, upepo unanipiga mahali ambapo haujawahi kunipiga. Alipomaliza aligeuka akawaita wale watoto. "Mjomba wenu aliwadanganya," akawaambia. "Na mtoto akiahidiwa mbuzi, mbuzi lazima amwone. Mmesema wawili?"

"Wawili," wakajibu kwa pamoja.

"Basi wawili watachinjwa hapa hapa, siku ya nikaha."

Mimi nilikuwa bado nahesabu bei ya mbuzi, mpaka Mzee Salehe aliponipiga kiwiko cha mbavu na kusema Alhamdulillahi kwa sauti, ndipo nikaelewa kwamba nimejibiwa posa. Nikakaa tena kwenye kile kigoda. Sijawahi kuwa mwepesi vile maishani, kichwani na moyoni.

Mbuzi walichinjwa, na watoto walikula maini. Na tangu siku hiyo mimi na utani wa dini kwa watoto tumeachana kabisa, wakiniuliza kitu nisichokijua nawaambia sijui, wakiniuliza ninachokijua najibu kama nilivyokisoma, na nikilala nafunga mlango kwa komeo.

Sasa hivi Zuhura ana mtoto wa kiume, kesho anatimiza siku ya saba, na jioni hii wapwa zangu wamekuja wameoga, wamevaa kanzu, kile kikopo kimesuguliwa kinang'aa. Mzee Mhina naye ameshafika kutoka Hale na wembe wake, kwa hiyo nimewaambia ukweli wao: kikopo watashika wao. Mashine nimeifungia sandukuni, na ufunguo nitalala nao.