Alama Kumi za Anjela

Mwaka ule Gwakisa alipokuja Igowole kutoka Mbeya, ukungu ulilala juu ya mashamba ya chai tangu Juni hadi Agosti, nasi walimu wenzake tulifundisha tumevaa makoti. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na aliipenda sarufi ya Kiingereza kama wengine wapendavyo kwaya. Somo lake hasa lilikuwa kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa. Aliwaambia wanafunzi kwamba neno la mtu likipita kinywani mwa mwingine, sharti livue “leo” na livae “siku ile”.

Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila Jumatatu, kila mwanafunzi alileta sentensi moja iliyosemwa nyumbani kwao, ameigeuza kwa Kiingereza, akaisoma amesimama. Darasa lilicheka sana siku Amos alipotaarifu kuwa bibi yake alikuwa amesema jogoo wa jirani alikuwa mwizi kama mwenyewe.

Mei 2017 alisimama Anjela wa kidato cha pili, yatima aliyelelewa na baba yake mdogo. Alisoma kwamba baba mdogo alikuwa amesema yeye asingerudi shule baada ya likizo ya Juni, kwani mtu wa Chimala alikuwa amekwisha kuleta mahari. Gwakisa alisikiliza vitenzi. Vyote vilikuwa sahihi. Akampa alama kumi, akamwambia aketi.

“Nikae tu, Mwalimu?”

“Kaa, mwanangu. Hujakosea hata kimoja.”

Akakaa. Mwalimu akamwita mwingine.

Julai jina la Anjela liliitwa wiki tatu bila kuitikiwa. Gwakisa alikwenda kwao, akaambiwa binti yuko kwa mumewe. Alimwarifu mtendaji wa kata, naye akasema Chimala ni mkoa mwingine, ataandika barua. Barua haikujibiwa. Desemba mwalimu akaenda mwenyewe.

Alimkuta nje ya mashine ya kukoboa mpunga, akipepeta, mimba imekwisha kuonekana. Anjela alimwamkia, akamgeuzia ndoo aikalie. Gwakisa akamuuliza kwa nini hakumwambia.

“Nilikwambia, Mwalimu. Mbele ya darasa zima.” Hakuacha kupepeta. “Kwetu mtoto hatoi nje neno la mkubwa mpaka aulizwe. Wewe ndiye uliyeuliza.”

Alimsihi warudi pamoja. Anjela akajibu kwamba mumewe angefika saa kumi, na kwamba heri mwalimu asilikose basi.

Muhula uliofuata Gwakisa alitumia sentensi za kitabuni tu. Tulimwambia kuwa hata kama angesikia, huenda asingeweza kuzuia.

Ijumaa moja ya Mei 2018 alimkabidhi mkuu wa shule barua ya kuacha kazi, akarudisha funguo za kabati la vitabu, akapanda basi la Mbeya.