Goti la Mfalme

Siku ya kwanza mvuta pazia kumtia machoni Radi, aliona kwanza aproni yenye damu. Radi alikuwa muuza nyama, na alikuja ukumbini kwenye majaribio ya waimbaji moja kwa moja kutoka buchani. Alipofungua mdomo kuimba, vioo vya madirisha vilitetema. Mwongozaji wa mchezo akajipiga paja: "Mfalme wangu huyu hapa!"

Mchezo wenyewe ulikuwa opera, watu wanaimba badala ya kusema, mwanzo mpaka mwisho. Mfalme anasikia imani mpya imeingia mjini, haijulikani ilikotoka, na waumini wake hawamwinamii mtu. Anawafokea, anawafunga, na mwishoni anapiga goti mbele yao. Goti likigusa sakafu, pazia linashuka. Mvuta pazia hakupewa ishara nyingine.

"We Bubu," Radi alimtania, maana yule bwana aliona haya hata kusalimia, "goti langu bovu. Likichelewa, usisinzie."

"Sawa, kaka."

Kwa upande wa waumini, mwongozaji alikodi kwaya ya kweli, ya dhehebu geni lililohamia mtaa wa nyuma. Akadhani amelamba dume. Hakujua kwamba binti pekee wa Radi alikuwa ameondoka nyumbani kuwafuata watu hao, nao wamemkataza kusema na baba yake mpaka naye aamini. Jukwaani tu ndipo walipotazamana. Baba alimfokea kwa sauti ya mfalme, binti akajibu pamoja na kwaya. Mazoezi yakiisha, binti anapanda basi lao bila kugeuka.

"Hata shikamoo hanipi," Radi alisema akivua joho. "Lakini kwa wimbo ananijibu vizuri sana."

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mfalme alitakiwa kuwafukuza waumini. Radi, amewapa watazamaji mgongo, alisogea mpaka kwenye kwaya. Kisha akapiga goti mbele ya binti yake, akainamisha kichwa, akasema bila kuimba:

"Mama, rudi nyumbani."

Mikono ya mvuta pazia ilikuwa imeshazoea. Goti liligusa sakafu, kamba ikaachiwa. Pazia zito likashuka katikati yao, baba huku kwa watazamaji, mtoto kule kwa kwaya. Watu wakaangua kicheko. Lilipopandishwa, kwaya, binti akiwamo, ilishatoka kwa mlango wa nyuma. Haikupita wiki, dhehebu lote likahama bila kuaga mtu, na mwongozaji akatafuta mfalme mwingine.

Mvuta pazia alikaa na neno lake mpaka likamshinda. Mwisho akaenda buchani, akangoja wateja waishe.

"Kaka, siku ile, pazia likiwa linashuka, nilimwona mtoto. Alikunyooshea mkono."

Radi aliweka shoka juu ya gogo.

"Mimi nilikuwa nimeinama."

"Najua, kaka."

"Na walikompeleka, unakujua?"

"Hapana, sijui."

Radi akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Sasa unaniambia ili nifanye nini?"