Mjomba Godhana na Boya Jekundu

Mjomba Godhana alizaliwa Kulesa, kijiji cha Wapokomo kando ya mto, na kuvua alijifunzia mtoni. Huko kila mtu hufunga kibuyu cha alama juu ya mgono wake, mtego wa samaki, na kibuyu cha mwenzio hakiguswi. Ukikigusa, wewe mwizi, hata kama mgono ulikuwa mtupu.

Mafuriko ya El Nino yalipomzolea shamba, alihamia Kipini na mkewe Mbodze na watoto. Wenyeji wakamruhusu kutega jarife, wavu wa papa, pale mto unapoingia baharini. Kazi nyingine hakuwa nayo. Jarife likikosa, watoto hulalia uji.

Watafiti nao walikuwa wamemfunga nguva mmoja kamba mkiani, na mwisho wa kamba boya jekundu lenye chombo cha kupima joto na chumvi ya maji. Nguva akienda, boya hufuata. Wavuvi walitangaziwa. Siku hiyo mjomba alikuwa Kulesa kumzika mamake, na aliporudi hakuna aliyemwambia.

Asubuhi moja yeye na shemeji yake Iha, mgeni vilevile, walilikuta boya kando ya jarife. Lilikuwa linazama, linaibuka, linazama.

"Shemeji, vuta tuone," Iha akasema.

"Vuta wewe uitwe mwizi. Mwenyewe atakuja."

"Atatukuta tumeota mvi."

Wakangoja bila kuinua jarife, maana kamba ya boya ilikuwa imelizonga. Boya likatulia. Mjomba akasema ni mkondo tu, wakarudi pwani kuuliza ni la nani.

Mzee Idris, mkubwa wa wavuvi, hakumngoja amalize. "Godhana! Hilo la nguva!"

Walipoinua jarife, nguva alikuwa amejiviringisha ndani, amekufa. Nguva ni mnyama, si samaki; hupumua hewa kama sisi.

"Ungevuta kamba tu, angepata pumzi," Idris akasema.

"Kamba haikuwa yangu, mzee. Kutogusa cha mtu ndiyo makosa?"

"Na serikali ikitufungia bahari sote kwa nguva huyu, utatulisha wewe?"

Watafiti walikata chombo chao wakaondoka bila kumsemesha. Jioni wavuvi walichoma jarife, wakamwambia asitege tena Kipini. Mbodze alifunga vyombo huku moshi ukimwingia machoni.

Shamba la Kulesa bado ni mchanga mtupu. Watoto wawili wako kwetu. Mjomba anachunga ng'ombe wa Jaldesa, mfugaji Morma wa Garsen. Zamani kazi hiyo aliicheka, akisema Mpokomo hafuati mkia wa ng'ombe. Sasa wanaomcheka ni wale wachungaji wengine, yeye huswaga tu.