Deraya ya Sallau

Vita vya mwisho vya mji wetu vilipiganwa kabla babu yake Sallau hajazaliwa, lakini hilo halikumpunguzia Sallau ushujaa. Kila Idi alivalishwa deraya ya nguo nene iliyojazwa sufi, ya mabaka mekundu na ya kijani, na kofia ya shaba yenye manyoya ya mbuni, kisha wanaume wenye nguvu wakampandisha farasi kwa gwaride la kupita mbele ya Sarki, mtawala wetu. Kupanda mwenyewe hakuweza. Kushuka mwenyewe aliweza mara moja tu, na tulicheka wiki nzima.

Kazi yake ilikuwa kukaa. Sarki hahitaji kutuambia yeye ni nani. Anatupitishia watu waliofungwa kama magodoro juani, nasi tunaelewa: anayeweza kuwapika wenzake namna ile lazima awe mfalme.

Miaka yote Sallau alitaka kitu kimoja, Sarki amwinulie mkono kumsalimu. Wenye mikuki waliinuliwa mkono. Hata mpiga tarumbeta aliyekosea aliinuliwa. Sallau, ambaye kila akipita alijikuna na kumtukana farasi, alitazamwa kama ukuta.

Idi hii mpwa wake Tanimu, mshika hatamu, aliitamani deraya waziwazi.

"Mjomba, jua hili si la wazee. Nipe nivae mimi."

"Uvae wewe? Wewe shati tu linakushinda."

"Haya. Ukifa usiniite."

"Nitakuita wa kwanza, uje unibebe."

Walipofika mbele ya Sarki, Sallau hakujikuna. Alikaa wima, kimya, kama mtu wa nasaba. Uwanja ukatulia. Sarki akamtazama, akainua mkono, akaushikilia juu.

Tanimu peke yake aliyaona macho. Yalikuwa yamefumbwa. Sallau alikuwa amezimia tangu langoni, na sufi ndiyo iliyomkalisha.

Nyuma ya ukuta wa uwanja tulimfungua, tukammwagia maji.

"Tumeshapita?" akauliza.

"Tumepita, mjomba. Sarki amekuinulia mkono."

"Muongo mkubwa wewe. Aniinulie mkono mimi, nisiuone?"

Tukamwapia, mmoja mmoja. Akasema tumekula njama tumpe Tanimu deraya. Nilimwonea huruma, na mimi simwonei mtu huruma hovyo.

"Ianikeni," akasema, akijaribu kusimama. "Idi ijayo ataniinulia tu."