Zakaria Mkalimani na Wiki Yangu ya Mwisho Maktabani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa droo ya kadi na kuambiwa niimwage sakafuni. Aliyeniambia alikuwa Mkutubi Mkuu, mwanamume mrefu mwenye maneno machache, aliyezoea kufuta miwani yake kwa ncha ya tai. Nilidhani sijamsikia vizuri.

"Mwaga yote," alirudia. "Kisha zipange upya. Ukimaliza utakuwa unajua tuna nini humu ndani."

Enzi hizo maktaba yetu hapa Kisumu haikuwa na kompyuta hata moja. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kadi ilibeba jina la mwandishi, jina la kitabu, mada yake na namba ya rafu. Kadi zote kwa pamoja ndizo tulizoziita katalogi. Nilipiga magoti siku mbili nikizipanga, na jambo moja likanisumbua: vitabu vinavyotuhusu sisi watu wa ziwani havikuwa chini ya Wajaluo wala chini ya Nyanza. Vilikuwa chini ya Kavirondo, jina ambalo wakoloni walitubandika. Nikaenda kulalamika.

"Kadi iliandikwa na mtu," Mkutubi Mkuu alisema, "na mtu huyo alituita alivyotuita. Ukitaka kitabu chake, kiulize kwa jina analolijua yeye. Ukishakipata, hapo sasa unaweza kubishana naye."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kwenye gari la vitabu, tukizungukia shule za uwanda wa Kano. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Gari, mwanamume mnene aliyependa kuimba akiendesha. Msimu mmoja mafuriko yalitukuta Ahero. Tulilala mle ndani siku mbili, vitabu vya watoto tumevipandisha rafu za juu na kamusi, kwa kuwa ni nzito, tumezikalia sisi wenyewe. Hatukupoteza kitabu. Nadhani ndiyo sababu niliporudi mjini nilipelekwa Chumba cha Marejeleo, ambako vitabu havitoki nje ya jengo na kazi ya mkutubi ni kujibu maswali ya watu.

Pale nilimkuta Mkuu wa Marejeleo, mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Alinipa daftari na kuniambia niandike kila mahali nilipotafuta, hasa pale nilipokosa. "Anayeandika alipopata tu," alisema, "kesho atarudi kutafuta palepale alipokosa jana." Nimejaza madaftari mengi ya kukosa katika maisha yangu. Siyaonei aibu.

Kisha kompyuta zikaja, na baada yake hifadhidata. Nieleze kidogo, maana vijana hutumia neno hili bila kujua kilicho ndani yake. Hifadhidata ni ghala la maandishi linalofikiwa kwa kompyuta: magazeti ya zamani, ripoti za maofisa wa wilaya, barua za wamisionari, kila ukurasa umepigwa picha. Maktaba huwa na mkataba na wenye ghala, nao hutupa neno la siri la kuingilia. Unaandika jina, mashine inakuletea kurasa zenye jina hilo. Inaonekana rahisi, lakini mashine haijui mtu, inajua herufi. Ukiandika herufi nyingine, mtu wako hayupo.

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kustaafu alipokuja Mwalimu Peres.

Alikuwa mwalimu mstaafu, amepita miaka sabini, amevaa sweta licha ya joto. Alisimama mlangoni akaniangalia kwanza.

"Mama, wewe ndiye wa mambo ya zamani?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Aliketi, mkoba wake ukiwa mapajani. "Namtafuta babu yangu. Kaburi lake ninalo. Natafuta alichofanya."

Alitoka Wath Ong'er, kijiji cha ufuoni, ukishapita Otonglo na kuiacha lami nyuma yako. Babu yake aliitwa Obonyo, na kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikuwa mkalimani wa ofisa wa wilaya. Wakati huo ugonjwa wa malale, ule unaoenezwa na mbung'o, uliwaua watu wengi ufuoni, serikali ikaamuru kijiji kihame. Nyumba zilichomwa ili watu wasirudi; uzao wao ulirudi miaka mingi baadaye. Kijijini walisimuliana kwamba Obonyo ndiye aliyewauza, na tangu hapo uzao wake wote huitwa watu wa mkalimani.

"Si jina la heshima," Mwalimu Peres alisema. "Nilifundisha pale miaka thelathini. Mtoto niliyemfunza kusoma aliniita hivyo nikimsikia."

Sasa kijiji kilikuwa kinajenga zahanati. Familia yake ilikuwa imetoa kiwanja, akaomba iitwe jina la babu yake. Wazee wakakataa. Baada ya mabishano wakampa nafasi moja: aje na ushahidi kwenye mkutano Jumamosi ya wiki ya tatu.

Nilimwambia ukweli wa upande wangu pia. Mkataba wetu wa hifadhidata ulikuwa unaisha Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano wake, nayo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Mkurugenzi, kijana mwenye adabu aliyetoka Nairobi, hakutaka kuuongeza. "Mama Turfena," alikuwa ameniambia, "wasomaji wanakuja kuchaji simu. Nikiulizwa ghala hilo limemsaidia nani, nijibu nini?"

Mwalimu Peres alihamia kwa mpwa wake karibu na soko la Kibuye hapa mjini, na kila asubuhi alifika kabla mlinzi hajafungua. Niliandika Obonyo, nikapata Obonyo wengi, wa miaka mingine na wilaya nyingine. Nikaandika Wath Ong'er, nikapata ukurasa mtupu. Nikajaribu alama ya nyota, ambayo ukiiweka mwishoni mwa neno mashine hukuletea miisho yote inayowezekana. Bado hakuna. Wiki ya kwanza iliisha, daftari limejaa.

Wiki ya pili nilifunga macho nikamwambia, "Mwalimu, nitamkie jina la kijiji chenu kwa haraka, kama mtu anayejibu swali la mzungu."

"Wathong'er," alisema.

Mzungu haisikii sawasawa "th" yetu wala "ng'" yetu. Niliandika alivyoweza kuisikia yeye: Watonga, Wasonga, Wasonger. Kwa Wasonger kurasa nne zilitokea. Kijiji kilikuwepo, malale yalikuwepo, lakini mkalimani alitajwa kwa cheo chake tu, bila jina.

"Hakuwa na jina jingine?" niliuliza. "La ubatizo?"

"Msalabani kwake kumeandikwa Zakaria, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo."

"Ofisini huenda walimwita."

Niliunganisha majina mawili kwa neno linaloiambia mashine ilete kurasa zenye yote mawili pamoja, Zakaria na Wasonger. Ripoti ikafunguka. Ilikuwa ya ofisa wa wilaya mwenyewe, kwa Kiingereza kikavu. Alieleza kwamba mkalimani Zakaria aliwatangulia askari akawaonyesha boma baada ya boma, na kwamba kazi ya kuchoma ilimalizika kabla ya saa sita mchana.

Mwalimu Peres alisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Hii ni kweli," nilisema. "Hatujamaliza kutafuta."

"Mama Turfena, afadhali ningekufa sijaisoma." "Ukurasa huu tukiuacha humo humo, nani atajua?"

"Mimi na wewe."

Aliufunga mkoba wake akaondoka bila kuaga. Siku iliyofuata hakuja, wala iliyofuata, wala Jumatatu ya wiki yangu ya mwisho. Nilitafuta peke yangu, na nakiri nilijiuliza kama nina haki ya kumfukua mtu ambaye mjukuu wake ameshasema basi. Lakini mkalimani aliyewatangulia askari alikuwa na sababu, na baada ya siku ile aliishi miaka mingi. Sikutaka kumwacha amesimama mbele ya nyumba zinazowaka kana kwamba maisha yake yaliishia pale.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mlangoni, sweta ileile.

"Nimefikiri," alisema. "Nikienda na nusu ya babu, nitakuwa mwongo kama wale wanaosimulia nusu nyingine. Tafuta yote, Mama. Litakalotoka nitalisoma."

Ripoti zilikuwa zimekwisha. Zilibaki barua zilizopelekwa kwa ofisa, nazo ziliandikwa kwa mkono. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: mashine haikuweza kusoma mwandiko wa mkono. Ilijua kichwa cha bunda tu, yaani jina la wilaya na aina ya barua. Kilicho ndani lazima mtu akifungue ukurasa kwa ukurasa kwa macho yake. Tulikaa kwenye kompyuta mbili, nikampa mabunda yake nami nikachukua yangu. Tulisoma barua za watu waliolalamikia ng'ombe, mipaka, mabinti waliotoroshwa. Tulirudi Ijumaa tukaendelea. Mchana Mkurugenzi alipita, akatukuta tunakula mandazi juu ya daftari, jambo nililowakataza wasomaji kwa miaka yote. Akapita zake.

Saa kumi na dakika chache Mwalimu Peres aliniita kwa sauti ndogo. "Njoo uone mwandiko huu."

Barua ilikuwa ya Kiswahili cha kale, wino umepauka, herufi zimenyooka kama za mtoto wa shule ya misheni. Mwandishi alisema miaka imepita, mbung'o wamekwisha, na watu wa Wath Ong'er wanaishi ugenini kama waombaji. Alisema yeye ndiye aliyewaonyesha askari nyumba, akiamini kwamba atakayebaki atakufa, na aliwaahidi watu kwamba watarudi. Sasa aliomba ahadi hiyo itimizwe. Chini yaliorodheshwa majina ya waombaji, la kwanza Zakaria Obonyo. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, ofisa aliandika kwa Kiingereza kwamba ombi limekataliwa na mkalimani ameondolewa kazini.

Nilizichapa kurasa zote, ile ya kuchoma na hii. Nilichapa nakala za ziada hadi printa ikawa moto. Saa kumi na moja kamili ghala likafungwa.

Jumamosi nilisafiri naye. Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa la mabati, na mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Onditi, mtu wa miaka themanini na zaidi, macho yake yamefunikwa na ukungu. Mwalimu Peres alisimama akaanza na ripoti ya ofisa, akiitafsiri polepole. Watu walinong'ona. Alipomaliza, Mzee Onditi aliinua mkono.

"Mwalimu, unatuambia kwamba aliwaonyesha?"

"Aliwaonyesha, Baba."

"Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Kwa mdomo wangu."

Nilidhani ataketi. Akaichukua karatasi ya pili akasoma barua ya babu yake, na hiyo haikuhitaji kutafsiriwa. Akafika kwenye majina. Alisoma la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tatu Mzee Onditi alisema, "Soma tena hapo."

"Ochola wuod Nyamori," alisoma, yaani Ochola mwana wa Nyamori.

"Huyo ni babu yangu," mzee alisema. "Alikuwa akisema aliwahi kuweka jina lake kwenye karatasi ya kurudi nyumbani. Sisi tulimcheka. Tulisema mzee hajui hata kushika kalamu."

Waliobaki nao wakaanza kuuliza majina ya kwao. Mkutano wa saa moja uliendelea hadi jioni.

Zahanati haikuitwa Zakaria. Wazee walisema kuna wajukuu wa watu waliochomewa nyumba ambao hawangeweza kupeleka mtoto mgonjwa chini ya jina hilo, na Mwalimu Peres hakubishana. Iliitwa Wath Ong'er, jina la kijiji, na ukutani, pale wagonjwa wanaposubiri, wakatundika ile barua na majina yake yote. Nilimuuliza kama ameridhika.

"Jina lake liko mahali alipoliweka mwenyewe," alisema, "mbele ya wenzake. Na juzi mama mmoja sokoni ameniita Mwalimu."

Jumatatu iliyofuata mkutano ule nilikuwa nimerudi maktabani kukabidhi funguo, nikampelekea Mkurugenzi nakala za kurasa hizo. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kuandika barua ya kuutetea mkataba. Nasikia uliongezwa. Siku hizi anayekaa kwenye kiti changu ni msichana mwepesi wa vidole kuliko nilivyokuwa mimi, naye hunipigia simu anapokwama. Nami humwambia asiwe na haraka ya kuamini ukurasa mtupu, na hasa asiwe na haraka ya kuamini ukurasa wa kwanza unaojaa.

Kustaafu kumenipa nafasi ya kutembea. Mwezi uliopita nilimtembelea Mzee Onditi. Nakala yake ya barua ile ameiweka kwenye fremu, sebuleni, juu ya redio. Hawezi kuona maandishi tena, lakini aliinuka, akapapasa kioo hadi chini yanapoanzia majina, akahesabu mistari kwa kidole hadi wa tatu.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, Mzee."

"Wameliandika sawasawa?"

Nilimwambia ukweli. Zakaria aliliandika kwa tahajia ya misheni, Ocola, na siku hizi tunaongeza herufi moja.

Mzee Onditi hakukiondoa kidole chake. "Hiyo herufi wataitafuta wengine," alisema. "Mimi babu yangu nimempata."