Ganda la Mti wa Nyuma ya Jiko

Mume wangu Ndifon alichuna maganda ya mti wa eblaa kwa miaka thelathini na mmoja, msituni juu ya kijiji chetu cha Oku. Maganda yalikaushwa, yakatiwa kwenye magunia, yakaenda Ulaya kutengenezwa vidonge vya wazee wenye shida ya tezi dume. "Wazungu wanakojoa kwa jasho letu," rafiki yake Bang alizoea kusema, na Ndifon alicheka mpaka akapaliwa.

Alikuwa mchunaji mwenye adabu. Eblaa huchunwa pande mbili zinazotazamana, pande mbili huachwa, kisha unausubiri miaka mpaka ganda lirudi. Wenye pupa walizungusha panga mti mzima, naye akawatukana mbele ya mama zao. Nilimpenda kwa hilo. Kwa ubishi wake wa kukataa hospitali nilitamani kumchapa.

Alipoanza kusimama nyuma ya nyumba muda mrefu na kurudi bila kukojoa, nilimwambia twende akapimwe.

"Kwa nani? Dawa yenyewe inatoka mkononi mwangu."

"Wakupime tu, wewe mwanamume."

"Mama Wanchia, huyo daktari akiugua atakuja kwangu."

Akachemsha ganda, akanywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Lilimsaidia. Hilo ndilo linaloniuma, kama bado kuna kinachoniuma: lilimsaidia kweli. Mkojo ukafunguka, akaniita nisikilize, mzee mzima. Bang akapaza sauti ng'ambo ya ua, "Pole pole bwana, usitusombee mahindi."

Ikapita miaka miwili. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, akasema ni magunia. Akaongeza dawa. Msituni hakuweza tena kupanda, kwa hiyo akauchuna mti wa nyuma ya jiko, ule wa eblaa alioupanda mwenyewe siku binti yetu Wanchia alipozaliwa. Pande mbili. Wiki chache baadaye, zile mbili zilizobaki. Nilisimama mlangoni na sufuria nikimtazama anavyozungusha panga. Hakuinua macho.

Wanchia akaja kutoka mjini Bamenda, akampeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole. Akatueleza kwamba ganda huweza kutuliza uvimbe wa tezi na kulegeza mkojo. Kuhusu saratani, wanalijaribu kwenye maabara, na mambo ya maabara hayajawa tiba ya mtu. Saratani ilikuwemo humo siku zote mkojo ulipokuwa ukitoka vizuri. Sasa ilikuwa mifupani.

"Baba, ungekuja mwaka juzi..." daktari akaanza.

"Mwaka juzi nilikuwa mzima," Ndifon akasema.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Namgeuza, nafua mashuka, namsagia mboga ya njama-njama ilainike, nampa na ugali wa fufu kidogo kidogo. Watu wakinisalimu najibu tupo. Ndani sisikii kitu, mikono inafanya kazi yenyewe.

Mti uliochunwa mzunguko haufi siku hiyo. Ule wetu ulikaa na majani mabichi miezi mingi. Alipokuwa bado anatembea na fimbo, Ndifon aliupapasa akaniambia, "Unauona? Mgumu kama mimi." Yeye, aliyewafundisha wenzake kwamba mti wa namna hiyo umeshakufa ila haujaonyesha. Nilimwambia ndiyo, naona.

Mwezi uliopita majani yakaanza kudondoka. Jana nilifagia ya mwisho, nikayawashia moto wa uji.

Leo asubuhi aliniuliza, "Mti una majani?"

"Unayo."

"Mengi?"

"Mengi, Baba Wanchia. Kunywa uji."

"Vizuri," akasema, akanywa vijiko viwili. Nikamfuta mdomo. Kitanda chake kiko dirishani upande wa jiko, na akiwa amelala pale mti anauona wote, toka shina mpaka juu.